Programu ya kukokotoa mitiririko iliyonidanganya kwa maandishi ya kijani

Sisemi programu yote ni mbovu. Kuchora wavu, yaani kuigawa nafasi ya mkondo katika seli ndogo ndogo za kukokotolea, inajua, tena inajua sana, hata kwenye kona ambazo nyingine hukwama. Lakini walichonifanyia bado kinanikereketa.

Kabla sijaiamini programu yoyote ya mitiririko, huipa jaribio la kizamani: silinda imesimama katikati ya mkondo, namba ya Reynolds (nguvu ya mwendo ikilinganishwa na mnato, yaani ugumu wa kutiririka) 100. Jibu linajulikana. Ukishavuka 47 hivi, mkondo wa nyuma ya silinda hautulii tena. Mizunguko inachomoka kwa zamu, upande huu na upande ule, ile safu ya von Kármán, na kwenye 100 namba ya Strouhal, kipimo cha mizunguko hiyo inachomoka mara ngapi, huangukia karibu 0.16. Hapo hakuna msukosuko wa kusingizia wala modeli ya kulaumu. Ni milinganyo ya mwendo wa vimiminika, ile ya Navier na Stokes, mitupu.

Nikaiacha ikokotoe usiku. Asubuhi nakuta mkondo umelala doro, hakuna hata mzunguko mmoja, na chini yake maandishi ya kijani: "Suluhisho limefikiwa."

Nikapunguza hatua ya muda mpaka namba ya Courant (idadi ya seli ambazo mkondo unavuka kwa hatua moja) ikawa chini kabisa ya 1. Wapi! Nikafukua faili ya kumbukumbu, na huko ndani, mstari mmoja tu: hesabu ilipoyumba kidogo mwanzoni, programu iliiacha mbinu ya daraja la pili niliyoichagua, iliyo sahihi zaidi, ikahamia ya daraja la kwanza. Haikuniuliza. Mbinu hiyo huongeza mnato wa bandia, takriban nusu ya kasi mara upana wa seli. Kwa Reynolds 100, seli ikizidi sehemu moja ya 50 ya kipenyo cha silinda, mnato huo wa bandia unaushinda ule halisi. Nimeweka maji, yenyewe inanikokotolea asali.

Huduma kwa wateja wakajibu: "Ndugu mteja, suluhisho limetulia, kwa hiyo ni sahihi. Tafadhali boresha wavu wako." Wavu upi? Si huo uliochorwa na programu yao wenyewe! Nilipowatumia ule mstari, mwingine akanieleza kwamba watumiaji wengi "hawahitaji maelezo hayo". Hawahitaji? Mtu anayekadiria nguvu inayoitikisa nguzo ya daraja atapata nguvu ya pembeni sifuri, na kijani kikimpongeza.

Haki yao niwape: sehemu ya kuzuia uhamaji huo ipo, ila wameifukia ndani ya menyu zisizofunguliwa na mtu. Nilipoizuia, mizunguko ikajitokeza, mizuri ajabu, Strouhal 0.165. Kikokotozi ni kizuri jamani! Ndiyo maana roho inaniuma. Nilikuwa nimeandika nyota tatu hapa.

Hapana, iwe moja. Nimetoka kusasisha toleo jipya sasa hivi, na ule mstari kwenye faili ya kumbukumbu wameuondoa.