Uzoefu wangu: kupanga vitufe vya Thunderbird kwenye ofisi ya kliaringi Tanga

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kliaringi, yaani ya kuwatolea wateja mizigo bandarini, hapa Tanga, jirani na bandari. Kutwa nzima ni barua pepe: mteja analeta invoisi, wakala wa meli analeta notisi, sisi tunarudisha hati. Programu tuliyokuwa nayo zamani ilibananisha kitufe cha kutuma na cha kuambatisha, na hakuna kilichohamishika. Ijumaa moja jioni nilimwandikia mteja kwamba hati zake zote hizo hapo, kumbe sikuambatisha kitu. Akafungua Jumatatu. Mzigo ukaendelea kukaa bandarini, ada ya storeji ikapanda, na sauti yake kwenye simu siku ile naikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo nilipohamia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, swali langu lilikuwa moja tu: vitufe vinahama?

Vinahama. Kwenye dirisha la kuandikia barua unabofya kulia juu ya upau wa vidhibiti (ule mstari wenye vitufe), unachagua Customize, unakiburuta kitufe kwa mausi mpaka pale unapokitaka. Cha kuambatisha nimekileta kushoto, jicho linapoanzia. Cha kutuma nimekisogeza mwisho kabisa kulia, katikati nimeacha nafasi tupu. Mkono sasa unasafiri kabla ya kutuma, na katika safari hiyo ndipo ninapokumbuka.

Kuna jambo jingine nalipenda zaidi. Programu inakukumbusha ikiona umetaja kiambatisho na faili hakuna, lakini maneno inayoyatafuta kwangu yalikuwa ya Kiingereza. Orodha hiyo unaweza kuiongezea mwenyewe, iko kwenye mipangilio, sehemu ya Composition. Kiswahili chetu neno hubadilika mwanzoni, basi nimeandika kila umbo peke yake: kiambatisho, viambatisho, nimeambatisha, tumeambatisha, nimeambatanisha. Juzi niliandika "nimeambatisha invoisi" na mstari wa kukumbusha ukajitokeza palepale chini ya barua. Nilifurahi kweli.

Dirisha kuu lilikuwa na shughuli yake, kwa sababu analitumia pia mzee wetu wa ofisini, na macho yake yamechoka. Tangu toleo la 115 la Julai 2023, upau mkuu umepanda juu kabisa ya dirisha, na ile menyu ya File, Edit, View ukiiwasha inakaa chini yake. Siku ya kwanza mzee akaniuliza, "Mwanangu, menyu imekwenda wapi?" Nikamwambia, "Bonyeza Alt, baba, itatokea." Ukitaka ibaki, ingia View, kisha Toolbars, uiwekee alama. Wapo wanaoirudisha juu kwa userChrome.css, faili unaloliandika mwenyewe kubadilisha sura ya programu. Kwa kompyuta ya ofisi siwezi kukushauri hivyo, maana toleo jipya likija mpangilio huo unaweza kuvurugika, na wewe ndiye utakayeitwa.

Kwake nimebakiza vitufe vinne: kupokea, kuandika, kuchapa na kufuta. Kila kimoja kina picha na neno chini yake, na cha kufuta kiko mbali na wenzake. Mistari ya barua nimeitanua ipumue. Angalia tu kwamba vile vitufe vinavyokaa juu ya ujumbe wenyewe vina mipangilio yao, ukigusa upau mkuu vyenyewe havibadiliki. Kalenda na anwani nazo zina seti zao, lakini hizo sisi hatuzitumii sana.

Programu ni ya bure, na kupanga yote haya kulinichukua kama nusu saa, nyingi ikiwa ni kumsikiliza mzee anataka nini kiwe wapi. Zamani kila notisi ikiingia alikuwa ananiita nimchapie. Leo asubuhi nimemkuta ameshachapa tatu, amezipanga mezani kwangu, baiskeli yake bado ina umande.