Mafunzo ya masupavaiza kwenye laini yenyewe: yaliyonifaa na yaliyonikera

Nasimamia laini ya fulana za kola katika kiwanda cha nguo cha EPZ (eneo la viwanda vinavyozalisha kwa ajili ya kuuza nje), Dar es Salaam. Nilipandishwa cheo kwa sababu najua karibu kila cherehani iliyopo pale; kuhusu kuongoza watu hakuna aliyeniuliza. Semina za uongozi za hotelini nilishahudhuria, zile za projekta, chai na cheti, halafu Jumatatu laini unaikuta vilevile. Kwa hiyo mkufunzi wa kampuni ya mafunzo aliposema darasa lake litakuwa kiwandani, na kila mmoja wetu aje na kazi yake halisi, nikataka kuona.

Wanachofundisha ni cha zamani. Kinaitwa TWI (Training Within Industry, yaani mafunzo ndani ya viwanda), kilianza Marekani mwaka 1940, wakati viwanda vinapokea maelfu ya watu wasiowahi kugusa mashine. Hadi programu inafungwa mwaka 1945, watu zaidi ya milioni 1.6 walikuwa wameshapata vyeti. Baadaye ikaingia Japani, na Toyota waliichukua sehemu ya kufundisha kazi wakaikuza kwao. Kila sehemu ni saa 10, vipindi vitano vya saa mbili mbili, kikundi cha watu kama kumi. Sisi tulifanya tatu: kufundisha kazi, mahusiano kazini, na kuboresha njia za kazi.

Ya kwanza peke yake ingetosha kunifanya niandike haya. Mkufunzi alimwita mwenzetu, akamweleza kwa mdomo jinsi ya kufunga fundo la waya wa umeme. Jamaa akaishia kuuzungusha tu. Akamwita mwingine, akalifunga mbele yake bila kusema neno; naye akashindwa. Tukacheka, kisha tukanyamaza, maana ndivyo sisi wote tunavyofundisha opareta wapya: ama tunapiga domo, ama tunashona haraka na kusema "umeona eeh?" Halafu akatuonyesha hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mjaribishe, mfuatilie. Kwenye kadi yao imeandikwa kwamba mfanyakazi asipojifunza, basi mwalimu hajafundisha. Hapo baadhi yetu walinuna.

Kazi niliyopeleka ni kuunga kola. Nilipewa karatasi ya kuchambua kazi: hatua upande mmoja, mambo ya kuzingatia katikati, sababu zake pembeni. La kuzingatia ni lile linaloharibu au kuokoa kazi, linaloweza kumuumiza mtu, au ule ujanja mdogo unaorahisisha. Ujanja huo ndio ulionitoa jasho. Mikono yangu inaujua, ila sikuwahi kuutamka: kwamba kola ya kufuma huivuti, unaisindikiza tu, kwamba alama ya katikati ya mgongo inakutana kwanza, ndipo za mabegani. Mkufunzi alisimama nyuma yangu kwenye laini, kelele zote zile, nikimfundisha binti mgeni kwa karatasi hiyo. Fulana zake zilizorudishwa na wakaguzi zilipungua wiki hiyohiyo, na sasa karatasi za kola, mkono na vifungo zimebandikwa pale mbele ya laini.

Sehemu ya mahusiano nayo nzuri, ingawa haikunishangaza kiasi hicho. Unakusanya ukweli, unapima, unaamua, unafuatilia matokeo. Mfano wangu ulikuwa mama mmoja wa ovaloki (cherehani ya kuzungushia kingo za kitambaa) aliyeanza kugoma kuhamishwa mashine. Mimi nilikuwa namwita mkaidi. Nilipomkalisha na kumsikiliza, hoja yake ikawa ya hesabu: anayejua mashine nyingi ndiye anayehamishwa kuziba mapengo, akihama tageti yake, yaani idadi anayotakiwa kushona, inayumba na bonasi inaondoka. Mbaya zaidi, anaambiwa akiwa ameshakaa. Siku hizi namwambia jioni, na tageti ya siku ya kuhama anahesabiwa kwa mashine aliyopelekwa. Hilo la pili lilihitaji sahihi ya ofisi, na nashukuru lilipita.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyodorora. Tulichambua kazi zetu, tukaandika mapendekezo, na mengine yalikuwa mepesi kabisa, kama kusogeza meza ya kukata nyuzi iwe karibu na anayemaliza mshono. Yakapelekwa juu yakalala. Mameneja hawakukaa hata kipindi kimoja, hivyo karatasi zetu walizisoma kama malalamiko. Kosa hili nawapa kampuni ya mafunzo na uongozi wetu kwa pamoja. Halafu vipindi vilikuwa baada ya shifti, bila malipo ya ziada, na vitini vyote vya Kiingereza. Mkufunzi alikuwa anatafsiri papo hapo, hodari kweli, lakini ukirudi nyumbani na kitini huna wa kukutafsiria.

Kama kiwanda chako kinafikiria kulipia, kabla ya kusaini muulize mkufunzi kama atasimama kwenye laini au ataishia ukumbini, na umdai meneja uzalishaji ahudhurie sehemu ya tatu. Vitini vya Kiswahili viandikwe ndani ya mkataba. Mimi nawapa nyota nne. Ya tano watapata siku wakirudia ile sehemu ya tatu na meneja akiwa amekaa kiti cha mbele.