Kipimo cha PET cha ubongo kwa mwenye mkono unaotetemeka: uzoefu wangu

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi huku Tandahimba, Mtwara. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, kazi yangu ni kupima gunia, kutaja kilo kwa sauti ili kila mtu asikie, na kuandika. Kwa hiyo ugonjwa wangu haukuonekana mkononi kwanza, ulionekana daftarini. Mkulima mmoja alinirudishia risiti akaniuliza, "Mzee, hii umewaandikia sisimizi?" Nikaitazama. Mwanzo wa mstari herufi zilikuwa za kawaida, kisha zikazidi kupungua, na mwisho wa mstari zilikuwa zimejikunyata kama punje za ulezi. Nikadhani ni kalamu. Nilibadilisha kalamu tatu. Kidole gumba cha kulia kilianza kutetemeka msimu uliofuata, tena kilitetemeka nikiwa nimekaa tu barazani, nikishika kitu kinatulia.

Tangu nirudi kutoka India kupigwa PET, yaani picha ya ubongo kwa kutumia dawa yenye mionzi, watu wananipigia simu: kile kipimo cha ubongo kikoje, kinauma, tumpeleke mzee wetu? Nimechoka kueleza kwa simu, salio lenyewe si langu, basi nimeandika.

Kwanza kilichonipeleka. Zahanati waliniambia ni umri. Mganga mmoja alinichanja chale begani, nikapata nafuu wiki nzima. Sidanganyi, wiki nzima mkono ulitulia, na habari hiyo nitairudia. Halafu nikaenda kwa daktari mjini Mtwara. Huyu alinishika kiwiko akaukunja na kuukunjua mkono taratibu, akanitembeza kwenye ukumbi akitazama mkono wa kulia unavyogoma kupunga, akaniambia niandike jina langu mara tano. Akaniuliza pia kama natumia dawa za kuzuia kutapika au za akili, maana zipo zinazoleta mtetemeko wa namna hiyo. Dakika ishirini, hakuna mashine. Akasema unafanana na ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaotetemesha na kukaza mwili, tujaribu kidonge cha levodopa tuone.

Kidonge nilianza, lakini nyumbani waliukataa ugonjwa wenyewe. Dada yangu alisema marehemu mama alimwaga chai kwenye sahani miaka yote na hakuna aliyemwita mgonjwa, ni mtetemeko wa ukoo. Na mtetemeko wa kurithi upo kweli, ila huo hutokea unaponyanyua kikombe, wangu hutokea nikikiweka chini. Nani wa kumwambia dada yangu hayo? Mpwa wangu, ambaye biashara yake ya korosho ghafi imemjulisha na watu wa Mumbai, ndiye aliyetukatia shauri: "Mjomba, twende ukapigwe picha, ubishi uishe." Nairobi mashine za PET zipo, kazi yake kubwa ikiwa saratani, lakini mpwa alikuwa na wenyeji Mumbai, basi tukazifuata korosho zetu zinakokwenda.

Hospitali siitaji jina, kwa sababu nina malalamiko kidogo. Siku ya kwanza niliamka na njaa kwa amri yao: usile, usinywe kidonge chako tangu jana. Saa moja asubuhi tumeshafika. Saa nne hatujaitwa. Saa saba anakuja kijana na kofia ya kijani anasema dawa ya leo imekataliwa, haikupita ukaguzi, rudini kesho. Nilikasirika sana. Mkono bila kidonge ulikuwa ukipiga ngoma kwenye kiti cha bati, watu wote wananitazama. Aliyeniokoa ni dada wa mapokezi aliyeniletea chai na kunieleza kwa Kiingereza cha polepole kwa nini hawakuweka akiba ya jana.

Dawa hiyo haiwekeki. Inaitwa fluorodopa, ni ndugu wa levodopa aliyebandikwa florini yenye mionzi, na hiyo florini hutengenezwa na mtambo uitwao saiklotroni. Kila dakika 110 nusu yake inakwisha yenyewe. Sisi wa ghalani ugomvi wa unyaufu tunaujua, gunia linaingia na kilo hizi linatoka na nyingine, lakini unyaufu huu hauna wa kumsingizia. Nilipiga hesabu nikiwa palepale nyuma ya risiti. Ukipakia mzigo wa 100 kwenye basi la Dar kuja Mtwara, kwa saa tisa za njiani ungefika 3 na vipunje. Ndiyo maana mashine ya PET haipendi kukaa mbali na saiklotroni. Ipo nyingine inayotumika sana, teknesiamu, ambayo nusu yake huisha kwa saa 6. Hiyo ingefika 35. Afadhali, lakini inapigwa picha na kamera ya aina nyingine.

Siku ya pili dawa ilipita. Walinipa kwanza kidonge cha karbidopa, nikasubiri saa nzima. Kazi yake ni kuzuia mwili usiile fluorodopa njiani kabla haijafika kichwani. Nikaielewa mara moja, ni kama kumsindikiza mkulima hadi ghalani asikutane na kangomba, wale wanunuzi wa magendo. Kisha sindano ya mshipa, ndogo tu. Kisha chumba chenye taa hafifu, saa moja na nusu, usisome, usitembee. Hapo ndipo nilipotamani ming'oko ya kuchemsha hadi machozi.

Mashine ni pete kubwa nene, unalala kichwa kikiwa ndani na mkanda kwenye paji la uso. Haipigi kelele kama zile za MRI. Kuuma, hakuumi. Tabu ni kutulia kama dakika ishirini na wewe ni mtu wa kutetemeka, ingawa kichwa changu nashukuru hakitetemeki.

Nilimuuliza fundi inaonaje ndani bila kupasua. Akanieleza vizuri, naye mpwa akatafsiri. Ile florini inapochakaa hutoa chembe iitwayo positroni, na positroni ikikutana na elektroni zote mbili zinatoweka, inatoka miale miwili inayokimbia pande mbili zinazopingana. Pete ikipata mmoja peke yake haiandiki. Ikiipata yote miwili kwa wakati mmoja, huku na huku, ndipo inaandika kuwa katikati ya mstari huu kuna kitu. Nikacheka. Ndiyo sheria ya mizani: kilo haziingii daftarini mpaka mkulima na karani wazione pamoja.

Suala la mionzi. Mke wangu aliposikia neno hilo alifikiria urani ya Namtumbo. Kiasi nilichopewa ni karibu sawa na mionzi ya asili ambayo mtu yeyote huipata kwa miaka miwili, kutoka ardhini na angani. Waliniambia ninywe maji mengi, niende haja ndogo mara kwa mara, na nisikae karibu na wajawazito na watoto wachanga hadi jioni. Kesho yake asubuhi kilichobaki hakina hesabu.

Sasa picha. Daktari mwanamke aliweka mbili kwenye kioo. Ya kwanza ya mtu mzima asiye na ugonjwa: katikati ya ubongo kuna alama mbili zinazowaka, kila moja ina kichwa na mkia, kama mkato wa kuandikia, zimegeukiana. Ya pili yangu. Upande wa kushoto wa ubongo mkia haupo. Kimebaki kichwa tu. Mkato umekuwa nukta. Upande wa kulia mkia upo lakini umefifia. Mkono wangu mbovu ni wa kulia, na ubongo huendesha mwili kwa kupishana, ndiyo maana. Mimi niliyeandika mikato na nukta maisha yangu yote nilikaa kimya. Mpwa naye kimya. Daktari akasema huo mkia ndipo ncha za seli zinazopokea dawa na kuigeuza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuendesha mwendo, na mtu anapoanza kuona dalili zaidi ya nusu ya dopamini ya sehemu hiyo huwa imeshapotea. Mtetemeko wa ukoo mkia hauugusi.

Baadaye akaja msaidizi wake, binti mdogo, akaniomba picha zangu ziingie kwenye utafiti wao. Fomu kurasa sita, tulikaa nazo kantini saa nzima. Jina halitumiki, unapewa namba. Nikamwambia hata kwetu gunia lina namba. Nikauliza nitafaidika nini, akajibu bila kupamba: wewe pengine hakuna, wanaokuja. Hilo jibu ndilo lililonifanya nisaini. Akanisimulia kwamba picha ya kwanza ya dopamini ndani ya kichwa cha mtu aliye hai, kwa dawa hiihii, ilitolewa Kanada mwaka 1983, na kwamba tangu hapo watafiti wakitaka kujua kama tiba mpya inarudisha kitu ubongoni, hawamwulizi mgonjwa tu, wanatazama pia.

Na kwa nini wasimwulize mgonjwa tu? Hapa ndipo zinaporudi chale zangu. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, hukohuko Kanada, waliwachoma wagonjwa wa Parkinson sindano isiyo na dawa, huku wakiwapiga PET kwa dawa nyingine ya mionzi iitwayo raklopraidi. Ubongo wa wagonjwa ukamwaga dopamini yake wenyewe, kwa kutarajia nafuu tu. Kwa hiyo wiki yangu ya utulivu kwa mganga haikuwa uongo, wala mganga hakuwa na dawa. Nilimweleza dada yangu hili, akasema, "Si nilikwambia mganga yule ni mzuri?" Nikaacha.

Je, nakushauri uende? Wengi wenu, hapana. Kipimo kilisema kilekile alichosema daktari wa Mtwara kwa dakika ishirini na mkono wangu. Hakitibu. Hakikwambii umebakiwa na miaka mingapi ya kushika kalamu. Tena yapo magonjwa mengine yanayofanana na Parkinson ambayo nayo huukata mkia uleule, na picha hii peke yake haiyatenganishi. Kipimo chenyewe kilikuwa nafuu kuliko tiketi zetu mbili za ndege. Pesa yangu ya mnada ya msimu mzima iliishia kwenye nauli, chumba na ile siku ya ziada. Anza na daktari anayekutazama ukitembea, jaribu kidonge, mwone tena. Ukibaki na shaka ya kweli, kama mtetemeko wa ukoo au wa dawa, hapo ndipo picha ina kazi. Kwangu ilimaliza ubishi wa nyumbani, na kwa familia yetu hicho si kitu kidogo.

Jambo moja dogo: walinipa picha kwenye sidii. Mtwara mjini nimezunguka mpaka stendi, kila kompyuta haina pa kuiingizia. Ombeni wawatumie kwa simu.

Sasa natumia levodopa mara tatu kwa siku, nusu saa kabla ya chakula, maana ukiichanganya na maharage au samaki inachelewa kufanya kazi. Daftari la msimu uliopita nimelifanya la mazoezi. Kila asubuhi kabla ya kidonge naandika "Gunia 1, kilo 80" hadi mwisho wa mstari. Baada ya dakika arobaini naandika tena chini yake. Leo mstari wa juu niliuweka mbele ya mke wangu, akatafuta miwani. Wa chini aliusoma akiwa mlangoni.