TAHADHARI: Toroli la msumeno wa meza "linalobeba kilo 300"

Mafundi wenzangu wa mbao, na ninyi mnaofanya useremala nyumbani, kabla hujamtumia mtu hela ya toroli la kuwekea msumeno wa meza, lile linalokuja vipandevipande ukaunganishe mwenyewe, naomba unisome kwanza. Mimi nililinunua. Nimelitumia siku mbili, na siku ya pili nusura liniumize vibaya.

Tangazo lenyewe linavutia. Picha inaonyesha toroli la plaiwudi ya milimita 18, droo nne, mahali pa kupanga bledi, tundu la bomba la kufyonza vumbi na magurudumu manne yenye breki. Droo ya pili imefunguliwa nusu, juu yake pana kipimapembe. Ishikeni picha hiyo. Maelezo yanasema kila gurudumu linabeba kilo 75, kwa hiyo manne yanabeba 300. Nilimwomba muuzaji anipigie picha ya ukingo wa ubao, maana plaiwudi huonyesha tabaka zake pale ilipokatwa. Akajibu kwa upole sana kwamba mzigo umeshafungwa na zimebaki seti mbili tu. Ningeishia hapo. Nikalipa.

Kilichokuja ni chipubodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi yenye sura ya mbao juu na chini, na kingo zote zimepitishiwa utepe, kwa hiyo bila kuitoboa hujui. Mimi nilijua nilipokuwa nakaza skrubu ya tatu ya gurudumu. Ilizunguka bure bila kushika. Nikaivuta kwa vidole viwili, ikatoka, meno yake yamejaa unga mkavu. Chipubodi ina kazi zake, rafu na makabati mengi yanatengenezwa nayo, lakini kuifungia magurudumu chini ya mashine nzito inayotetemeka kutwa ni hatari. Ikinyonya maji ndiyo basi, hufura na hairudi.

Magurudumu ndiyo yaliyonikasirisha zaidi. Nilikwangua rangi nyeusi kwenye uma wa gurudumu moja, kile chuma kinachoshika gurudumu, nikakuta namba imegongwa kwenye chuma: kilo 40. Hata hesabu ya kuzidisha kwa nne haifai hapa. Sakafu haiwi sawa kabisa, na toroli likisukumwa mara nyingi gurudumu moja huning'inia, kwa hiyo fundi hugawa uzito kwa tatu. Msumeno wangu una kilo 120 hivi, toroli 40, vifaa kwenye droo 30. Jumla 190, gawanya kwa tatu, kila gurudumu linahitaji kubeba zaidi ya kilo 63. Nimepewa ya 40.

Halafu breki. Inazuia gurudumu lisibingirike, lakini haizuii uma usizunguke kwenye mhimili wake. Ukikanyaga breki zote nne ukasukuma kona ya toroli, bado linajipinda. Ndivyo ilivyotokea nikiwa napasua ubao mrefu. Toroli lilihama upana wa vidole viwili tu, mimi nimeushika ubao palepale, ukakaa upande na kugusa meno ya nyuma ya bledi. Meno hayo yanapanda kutoka chini, hivyo yanaunyanyua ubao na kuurudisha kwa anayesukuma. Msumeno wangu ni wa zamani, hauna kile kisu cha nyuma ya bledi kinachosaidia kuzuia jambo hilo. Ubao ulipita karibu na kiuno changu ukatoboa mlango. Nilipona kwa sababu nilisimama pembeni, si nyuma ya bledi moja kwa moja.

Lile tundu la vumbi la kwenye picha pia halikuwepo. Kisanduku kimezibwa pande zote, na kwa siku mbili unga wa mbao ulikuwa umeifikia mota. Unga mkavu, joto na cheche, mnajua mwisho wake.

Nilipomtumia muuzaji picha alisema nimezidisha mzigo, kisha akanizuia nisimwandikie tena. Wiki haijaisha, picha zilezile zimerudi kwa akaunti yenye jina jingine, na bado "zimebaki seti mbili". Ndiyo maana nawaeleza picha badala ya jina. Nimegundua pia kwamba ni za fundi aliyejijengea lake na kuonyesha hatua zote bure. Hahusiki na biashara hii.

Anayekuuzia toroli mwombe video fupi: ukingo wa ubao usio na utepe, namba ya uzito kwenye gurudumu, na breki imekanyagwa huku mtu akijaribu kulizungusha toroli. Mwenye mzigo wa kweli hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Kama tayari unalo, shusha msumeno leo. Mimi nimejenga kitako upya kwa plaiwudi mbili zilizogandishwa pamoja, magurudumu nimeyafunga kwa bolti zinazotokeza upande wa pili zikiwa na washa na nati, na breki zake zinakaza gurudumu na uma kwa pamoja. Cha kwao nilichobakiza ni reli za droo tu, hizo zilikuwa nzima.

Usifute mazungumzo wala risiti. Uliyelipa kwa huyu mtu niandikie, tuwasilishe malalamiko kwa pamoja kwa waliopitisha malipo.