Mdahalo wa Redio na Kura Yake ya Simu: Tathmini ya Msikilizaji wa Moshi

Kwa majuma manne mfululizo nimesikiliza mdahalo wa kisiasa unaorushwa kila Jumamosi jioni na kituo kimoja cha redio hapa Moshi, nikiwa kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko la Mbuyuni. Kama mdahalo, kipindi hicho kinafaa kufuatiliwa. Kama kipimo cha maoni ya wananchi, na hicho ndicho kinachonadiwa baada ya kila tangazo la biashara, hakifai.

Sauti inasikika vizuri, na wageni hufika kwa wakati, jambo ambalo kwa wanasiasa wetu si dogo. Upendeleo wa mtangazaji hauko kwenye maneno makali bali kwenye namna anavyouliza. Jumamosi iliyopita, mada ikiwa ni kuwahamisha wamachinga kutoka barabarani, mgeni aliyeunga mkono aliulizwa "mmejipangaje?", ilhali aliyepinga aliulizwa "kwa nini hamtaki mji uendelee?", kisha akakatizwa kabla hajamaliza sentensi ya pili.

Hata hivyo, kasoro kubwa ni kura ya ujumbe mfupi. Wasikilizaji waliulizwa kama wanaunga mkono mji usafishwe kwa kuwaondoa wamachinga. Nani atajibu kwamba hataki usafi? Mwenye duka aliyeketi kando yangu, ambaye mlango wake huzibwa na meza za mitumba, alitoa simu mbili zenye laini tatu, akapiga NDIYO mara tatu huku akilalamikia salio. Muuza kahawa, ambaye naye ni mmachinga, hakupiga kura kwa kuwa mikono yote miwili ilishika birika na vikombe. Mwishoni tulitangaziwa kwamba "wakazi wa Moshi wamekubali", bila kuambiwa idadi ya ujumbe uliopokelewa.

Mchezo huu si mpya. Mwaka 1980 nchini Marekani, baada ya mdahalo wa wagombea urais Jimmy Carter na Ronald Reagan, televisheni ya ABC iliwaalika watazamaji wapige simu kwa senti 50 kutaja mshindi. Simu zipatazo 700,000 zilipigwa, na Reagan akaongoza kwa mbili kwa moja. Lakini waliohesabiwa ni wale tu waliokuwa na hamu na senti za kulipia, na wingi wao haukuweza kuziba pengo la walioachwa nje. Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa shirika la Twaweza ulioanza mwaka 2013, hufanya kinyume: wahojiwa huchaguliwa kwa bahati nasibu, kisha wao ndio wanaopigiwa simu. Hata hivyo, mwaka 2015 utafiti huo ulimpa mgombea urais wa CCM asilimia 65, naye akapata 58 kwenye sanduku la kura. Ikiwa kazi ya uangalifu kiasi hicho huweza kupishana na matokeo, kura ya laini tatu tuipe uzito gani?

Kituo kinaweza kurekebisha mengi kwa gharama ndogo: kitaje idadi ya ujumbe, kikiri kwamba waliojibu ni wasikilizaji wake na si wakazi wote wa mji, na swali liandikwe na mtu asiyeendesha mdahalo. Kwa sasa nitaendelea kusikiliza saa nzima ya hoja, na matokeo yakianza kusomwa nitakuwa nalipia kahawa yangu.