Terazo ya baba imerudi: fundi sakafu wa Chumbageni

Nyumba yetu iko Ngamiani, mjini Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili. Marehemu baba aliweka terazo nyumba nzima: saruji nyeupe na chenga za marumaru nyeusi na za kijivu. Ilikuwa imechoka. Vanishi ya zamani imebanduka, mlangoni pamechimbika, jikoni pamejaa alama za ndimu. Kila fundi niliyemwita alinishauri nibandike vigae juu yake. Nashukuru sikuwasikiliza.

Huyu niliyempata ana karakana ndogo Chumbageni na kazi yake ni sakafu tu, za terazo, saruji na mawe. Hakuja na mashine siku ya kwanza. Alipiga magoti, akawa anagonga sakafu kwa mpini wa nyundo asikie wapi pako wazi chini, akadondosha maji aone yanazama au yanabaki juu. Kisha akasaga kipande kidogo stoo, nyuma ya magunia, hatua zote mpaka mwisho, akaniita. "Mama, ukiridhika na hapa tunaendelea. Usiporidhika, hatudaiani."

Ana vijana wawili wanaojifunza kwake, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Padi za almasi za kusagia zina namba, ndogo ndiyo yenye makali zaidi. Mlangoni walianza na 50, sebuleni 100 ilitosha, halafu 200, 400, 800, mpaka 1500. Kijana mmoja alipomaliza 100 akaona pameanza kung'aa, akafunga 400. Fundi akazima mashine. Akavuta maji kwa mpira, akalaza taa ya simu sakafuni, na mikwaruzo ya mviringo ikajitokeza chumba kizima. "Mkwaruzo wa 100 unaondolewa na 200. Ukiiruka, hiyo 400 itaung'arisha tu, na mwenye nyumba atauona kila jua likiingia." Kijana akarudia chumba chote. Hakufokewa, wala mimi sikuongezewa hata shilingi kwa muda uliopotea.

Hawasagi kavu ndani ya nyumba ya mtu. Vumbi la saruji na mawe lina silika, inayoharibu mapafu polepole, na yakishaharibika hayarudi. Kwa hiyo wanasaga kwa maji, na bado kila mmoja alivaa barakoa. Tope walilizoa kwa ndoo badala ya kulisukumia mtaroni, maana likikauka humo linaganda na kuziba.

Alama za ndimu nilikuwa nimezisugua miaka bila mafanikio. Kumbe hazikuwa madoa. Marumaru na saruji vina asili ya chokaa, na asidi inavila, kwa hiyo jiwe lenyewe lilikuwa limelika juu. Dawa ni kusaga tena. Tangu hapo siki, ndimu na zile dawa kali za choo hazigusi sakafu yangu. Natumia maji na sabuni laini basi. Mashimo ya mlangoni aliyaziba kwa chenga alizochambua moja moja zilingane na za baba, akaacha pakomae vizuri kabla ya kupasaga. Ukijua pa kutazama utapaona, rangi ya saruji imepishana kidogo. Mimi hainisumbui.

Kinachonisumbua ni kwenye skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Mashine kubwa haifiki ukutani, wakatumia grenda ya mkono, na jioni mwanga ukipita chini unaona mawimbi. Nimemwonyesha, amekubali kurudi kuparekebisha. Pia akiwa kazini simu hapokei. Mfuate karakana asubuhi. Bei si ya kutupa, ila alichukua kwanza hela ya padi na chenga tu, iliyobaki nililipa kazi ilipokwisha.

Pale karakana utakuta vibamba vya zege uani, vimemwagwa makusudi vijana wavifanyie mazoezi. Hawaruhusiwi kusugua zege bichi. Wanasubiri siku 28 kwanza. Fundi anataka wakishaiva wapimwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji wa ujuzi, upande wa uashi, wapate vyeti vya kazi wanayoijua tayari.

Chumba cha wageni hakijaguswa bado. Nimemwomba awaachie vijana wakifanye wenyewe, yeye asimamie tu, nami nitalipa bei ileile.