Fundi wa tabo wa Nyakato: siku tatu bila kiti, miezi saba bila moshi

Gari langu ni Hilux ya dizeli, injini ya 1KD, ile lita 3.0 ya D-4D. Napakia dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, napeleka Geita, wiki nyingine Kahama. Halijawahi kubembelezwa. Mwezi wa pili likaanza kupiga mluzi kila nikikanyaga mafuta, kama birika linalokaribia kuchemka, halafu likaacha kuvuta kabisa. Kilima cha kuchekesha tu nashuka gia mbili, bodaboda wananipita wamebeba mtu na mbuzi.

Gereji ya kwanza, jina nalimeza, walilitazama dakika kumi wakasema tabo imekufa, yaani turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi kuisukumia injini hewa. Wakaleta ya mtumba ya laki nne na nusu, wakaifunga jioni ileile. Nilisifu haraka yao mpaka kwa majirani. Siku ya tisa nimepita Usagara na magunia 22, nyuma yangu moshi wa bluu umetanda barabara nzima, dereva wa daladala ananiwashia taa nisimame. Nikachomoa stiki ya oili. Ncha yake ilikuwa kavu.

Aliyenielekeza Nyakato ni muuza sangara mwenzangu. Usitafute bango, halipo. Ukiingia uchochoro wa mafundi ulizia fundi wa tabo, hata watoto watakupeleka: kontena la bluu, turubai mbele, na meza ya chuma safi kuliko meza ya mama ntilie. Ni mzee, anashughulika na tabo na nozeli tu, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Ukimpelekea breki anakuonyesha kwa kidevu gereji ya jirani.

"Mwangaluka mayu," alinisalimu kwa Kisukuma. Baada ya salamu hakuniuliza gari lina nini. Aliuliza, "Ile ya kwanza nani aliiua?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akavua mpira wa hewa, akaniambia nishike ncha ya shafti pale kwenye feni niitikise. Nani aliwahi kuniita nishike kitu kwenye gari langu mwenyewe? Akanieleza kwamba ikicheza kidogo juu na chini si neno, kwa sababu ile shafti haikai juu ya chuma, inaelea kwenye utando wa oili, na injini ikiwa imezimwa utando haupo. Kosa ni ikienda mbele na nyuma. Yangu ilikwenda mbele na nyuma kama droo ya kabati, na mapezi ya feni yalikuwa yameshachora duara linalong'aa kwenye ukuta wa kasha la tabo. Siku tisa tu.

Halafu akafanya jambo ambalo wale wa kwanza hawakuligusa. Alimwaga oili, akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akanitolea chujio la kunyonyea oili. Nilidhani ni kipande cha ukoko wa sufuria. Wavu wote umezibwa na masizi yaliyoganda, labda robo ndiyo iliyokuwa inapitisha. Masizi yametoka wapi? Kwenye injini hizi za 1KD, zile washa za kopa, vipete vya kuzibia chini ya nozeli, zikichoka, moto wa kwenye silinda unapenya pembeni na kushuka na uchafu wake mpaka kwenye oili. Oili inakuwa uji, chujio linaziba, na wa kwanza kufa kiu ni tabo, maana shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na upande mmoja inachomwa na moshi wa ekzosi. Kwa mwendo huo oili ikikosekana sekunde chache tu, beringi zimeshaliwa. Kwa hiyo ile ya mtumba, hata ingekuwa nzima kama yai, ilikuwa imefungwa kwenye gari lililokuwa tayari limeua mwenzake.

Na kulikuwa na la pili. Kwenye bomba la kurudishia oili wale vijana walipaka gundi ya silikoni badala ya gasketi. Gundi ikafura kwa ndani, bomba likabaki na kitundu cha kupitisha kalamu. Oili inaingia kwa presha, kutoka haiwezi, inasukuma sili na kuvujia kwenye ekzosi. Ndio ule moshi wa bluu. Alinichanulia ile gundi kwa kisu kidogo, akaiweka kwenye kiganja changu. Niliihifadhi kwenye dashibodi mpaka mwanangu akaitupa.

Sasa ufungaji wenyewe. Hakunishauri ninunue tabo nzima. Alibadilisha katriji, yaani moyo wake, shafti na beringi na feni zote mbili, kwa laki sita na nusu, akasafisha yale mapezi ya upande wa moto yaliyokuwa yameganda kwa masizi. Nati zote za zamani alizitupa kwenye ndoo. Zimepikwa, alisema, ukizikaza tena zitakuambia ndiyo halafu zilegee njiani. Studi moja ilikuwa imevutika, akaing'oa akaweka nyingine. Gasketi za chuma mpya, silikoni hata tone hakuna. Alikaza kwa kupishanisha kona, kidogo kidogo, akamalizia kwa ile spana yenye kipimo inayolia "tak" ikifika. Niliihesabu, ililia mara nne.

Kabla ya kuwasha alimimina oili safi kwenye tundu la juu la tabo, akazungusha feni kwa kidole. Akachomoa plagi za umeme za nozeli, akapiga stata bila injini kuwaka mpaka akaridhika kwamba oili imefika. Pia alifungua kile kirejeta cha kupoza hewa akakiosha. Ilitoka oili ya kujaza kikombe. Nikamuuliza si ingeungua tu yenyewe? Akasema injini ya dizeli ikianza kunywa oili hiyo inaweza kujiendesha, unazima swichi na bado inapiga kelele mpaka ijivunje. Nilisogea mbali kidogo na boneti.

Tukaliendesha mpaka Kisesa na kurudi, likaachwa lipoe usiku kucha, asubuhi akakagua nati zote upya. Moja iliongeza robo mzunguko. Kwa hilo tu ningemlipa mara mbili, ila sikumwambia.

Malalamiko ninayo. Siku tatu nzima, na mzigo wangu umelala Mwaloni. Kiti hakuna, nilikalia ndoo ya rangi. Simu hapokei akiwa na kazi mkononi, na yeye kazi mkononi anayo kuanzia saa moja. Risiti aliandika nyuma ya boksi la gasketi. Ufundi laki moja na themanini, ukijumlisha washa za nozeli, filta, oili na katriji, nilitoa karibu milioni moja na laki mbili. Anayetaka bei ya kupooza roho aende kwingine, wapo wengi.

Aliniachia masharti mawili. Kumwaga oili kila kilomita 5,000, na si ile ya kupimiwa kwenye dumu. Na nikitoka safari ndefu nisizime papo hapo, liungurume dakika moja au mbili bila kukanyagwa, tabo ipoe na oili ikiwa bado inapita, isije ikaungulia ndani. Hili la pili nililidharau, hadi nikakumbuka foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Zamani ukifika Kigongo ulikuwa unajikongoja nyuma ya malori, gari linapoa katikati ya safari bila wewe kujua. Tangu daraja la Busisi lifunguliwe Juni 2025 navuka zile kilomita tatu hivi dakika chache, nakwenda moja kwa moja, naingia Geita tabo ikiwa nyekundu, na wapakuzi wameshadandia nyuma wanapiga bodi, "Mama, zima gari!" Sizimi. Nawaambia wasubiri, wananisonya.

Ni miezi saba sasa. Oili haishuki kwenye stiki, mluzi hakuna, kilima cha bodaboda napanda na gia ya nne. Nampa nyota nne, ya tano ataipata akinunua kiti. Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi, baadaye malori yanaziba uchochoro na hutatoka mpaka jioni.